Msusi wa Wodi ya Wanawake

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, maana hata watoto waliozoea kulia wakisukwa walisinzia mapajani mwake. Sifa hiyo aliipokea kwa tabasamu la juu juu. Tangu ajitambue alitaka kuwa nesi. Mtihani wa kemia ulimwangusha, akaurudia, ukamwangusha tena. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, mkono unao. Suka." Akasuka, shingo upande.

Chumba cha saluni alichopata kilitazamana na geti la hospitali. Kila manesi walipobadilishana zamu, chanuo lilisimama hewani, macho yakavuka barabara. Mama Pacha, muuza vitambaa mwenye mdomo wake, alimzoea. "Haya bibie, wameshaingia wote," alikuwa akisema. "Sasa rudi kichwani kwangu."

Kisha Mama Pacha akaugua, akalazwa hukohuko ng'ambo ya barabara. Siku moja mdogo wake akaja saluni, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Dada anakutaka. Anasema hata kama anakufa, hafi na kichwa kama kiota cha ndege."

Mkono Mwepesi akachukua chanuo na chupa ya mafuta, akafunga mlango. Miaka yote ile hakuwahi kupita lile geti. Wodini alimkuta Mama Pacha amekwisha, mashavu yamebonyea, nywele zimefungamana kisogoni kwa kulalia upande mmoja. Chanuo halikufaa kitu. Alipaka mafuta, akaanza kufumua kwa ncha za vidole, unywele kwa unywele.

"Nikikuumiza useme."

"Endelea. Hapa kila anayenigusa anatafuta kitu. Mshipa, homa, mapigo ya moyo. Wewe unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu, dada."

"Basi usiharakishe."

Mchana wote ukaishia kwenye kichwa kile. Alisuka mistari mipana, bila kuvuta. Alipomaliza, Mama Pacha alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo. Nesi akapita, akapunguza sauti ya hatua zake, akaendelea na kazi. Mkono Mwepesi hakumfuata kwa macho.

Alikuwa akifuta mafuta mikononi pale mgonjwa wa kitanda cha pili alipojigusa kichwani, akauliza taratibu, "Na mimi je?"

Mama Pacha alizikwa na mistari ile. Mkono Mwepesi alimlilia kama ndugu. Wiki iliyofuata, siku yake ya mapumziko, alirudi wodini bila kuitwa na mtu, na wiki nyingine tena.

"Mwili wako nao si chuma," mama yake alimwambia.

"Mama, nikikaa nyumbani siku hiyo vidole vinaniwasha."

Mama akamsogezea chupa ya mafuta.

Wagonjwa wengi humwahidi kwamba wakipona watavuka barabara waje kusukwa kwenye kiti, kama watu. Yeye huwajibu, "Nakusubiri," na husubiri kweli. Pazia la saluni likitikisika, huinua macho. Mara moja tu aliingia mama mmoja mnene, akaketi, akamsalimu kama mtu wa siku nyingi. Sura yake haikumkumbusha Mkono Mwepesi kitu. Alipoweka vidole kichwani, akaligusa kovu nyuma ya sikio, lile alilokuwa akilikwepa wodini, akamjua.

"Umekuja," alisema, na kwa muda hakuweza kuanza kusuka.

Wengine bado anawangoja.