Vipande Viwili vya Sukari

Wiki iliyopita, kwa mjukuu wangu kule Bel-Air, nilifungua kabati kutafuta majani ya chai nikakuta boksi la sukari ya vipande. Moyo ukanilipuka. Mjukuu alicheka, akidhani nimeona panya. Wewe wa rika langu keti kidogo, nikusimulie.

Tulikaa mtaa wa Kamalondo, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, katika nyumba iliyonuka samaki wakavu wa Pweto na moshi wa mbabula, jiko letu la makaa. Kila asubuhi kilichotangulia juu ya mbabula ni kisufuria cha kuchemshia sindano ya kioo, ndipo ukafuata uji. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka minane, mimi kumi na mmoja. Alikuwa amekunywa maji wiki nzima bila kukata kiu, akakonda mpaka gauni likawa linamvuka mabegani, na hospitalini wakasema ana kisukari. Kichupa cha insulini mama alikihifadhi kwenye chungu kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kisipate joto.

Sista muuguzi, masere kama tulivyomwita, alitufundisha mimi na mama pamoja. Sindano isirukwe hata siku moja. Kisha akanishika kidevu.

"Kisha kupiga shindano, anakula palepale, sababu ile dawa inashusha sukari mu damu. Ukiona jasho hata kama baridi iko, ukiona anatetemeka, mupatie sukari mu kinywa, usingoye muntu. Lakini kama amezimia, usimutie kintu mu kinywa. Mumulete huku mbio."

Tangu siku hiyo nilitembea na vipande viwili vya sukari ndani ya leso. Kituko gani hicho! Mimi niliyekuwa polisi wa kumnyang'anya mdogo wangu miwa na vitumbua, ndiye niliyebeba sukari mfukoni. Usiku nilisikiliza pumzi zake. Niliogopa kulala, nakwambia kweli.

Mama naye aliogopa majirani. "Musiambie muntu," alituonya. "Batasema iko bulozi mu nyumba yetu." Uchawi, yaani. Basi tukafunga midomo, hata kwa padri.

Ikafika siku ya komunyo ya kwanza ya mdogo wangu. Enzi zile mtu wa kukomunika hakula kitu tangu saa sita ya usiku. Mama alitaka kuwatii wote wawili, masere na padri: alfajiri alimchoma sindano, na uji akauacha kwenye sufuria. Alisema misa haitachukua muda. Nilitazama ule uji ukifanya ngozi juu, nikataka kusema neno, nikaogopa.

Mahubiri yalirefuka. Nilikaa benchi la nyuma ya wasichana wenye mavazi meupe. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ile ya kututoa moshi mdomoni, lakini shela ya mdogo wangu ilikuwa imelowa shingoni. Mshumaa ulimtetemeka mkononi. Akageuka, akanitazama asinione.

"Yaya," akaniita, kama tunavyowaita wakubwa wetu, "kuku bamekunywa mayi?"

Hatukuwa na kuku.

Nilipanda juu ya benchi, nikarukia upande wake. Mikono yangu ilishindwa kufungua fundo la leso, nikalifungua kwa meno. Macho yake yalianza kujifumba, na kichwani nilisikia sauti ya masere: kama amezimia, usimutie. Nilipomsogezea sukari alikaza meno.

"Iko zambi," alisema, kwa sauti ya mlevi, akiogopa dhambi ya kuvunja mfungo.

"Itakuwa zambi yangu," nikamwambia. Nikakisukuma kipande ndani ya shavu lake, na cha pili baada yake. Katekista alinikamata mkono, watu wakaguna, nami nikalia kwa nguvu kwamba ni dawa.

Alirudi polepole. Kitu cha kwanza alichokiona ni wenzake wakienda kupiga magoti altareni bila yeye. Hakunishukuru. Alinitazama kwa chuki ambayo sijapata kutazamwa nayo tena na mtu.

Baada ya misa mama alimwambia padri yote. Padri alishika kichwa. "Lakini mama, juu ya nini haukuniuliza? Mugonjwa iko na ruhusa ya kunywa dawa na uji." Swali moja tu, na tulikuwa karibu kumzika mtoto kwa kuogopa kuliuliza.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu alikomunika peke yake, baada ya kunywa kikombe cha uji mwepesi, Kamalondo nzima ikimtazama. Wengine waliwakataza watoto wao kucheza nasi. Mama hakuficha tena.

Ile nyumba ilibomolewa. Chungu sijui kilivunjikia wapi. Mdogo wangu alizeeka, akazaa, akanisamehe, na sasa ni mwaka wa tatu tangu tumzike. Lakini hadi leo nikiingia kanisani, kabla sijagusa maji ya baraka, mkono wangu unakwenda kwanza mfukoni.