Mwaka Tuliokuwa na Idi Mbili Jeppestown

Mwanangu, ipo siku moja ya Idi ambayo haijanitoka kichwani, ingawa Idi nyingi zimepita tangu hapo. Nilikuwa msichana, sijafika hata miaka ishirini, nimetoka Tanga si muda mrefu. Shule niliishia darasa la saba, na aibu yangu ilikuwa ya kujificha nyuma ya mlango. Mtu akinisalimu nilimjibu nikitazama vidole vya miguu. Hata haya ninayokuandikia nayaandika polepole: neno moja, napumzika, halafu jingine. Nivumilie.

Miaka ile Idi ilikuwa ikiangukia majira ya machipuko. Siku hizi imehama, inatukuta joto linaondoka. Wakati ule Ramadhani ilikuwa ikiisha jakaranda ndiyo zinaanza kufungua maua yake ya zambarau, na asubuhi unaweza kutoka bila sweta. Tulikaa Jeppestown, hapa Johannesburg, vyumba viwili juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Mama yangu, Mwanaidi, ndiye aliyekuwa mkubwa. Mdogo wake, mama mdogo Zuhura, alikaa Soweto na mumewe, Msauzi aliyekulia Morogoro wazazi wake walipokuwa wakimbizi wa siasa.

Mwaka ule mama yao, yaani bibi yangu, alikuwa amefariki Tanga. Hakuna kati yao aliyewahi maziko. Wakakubaliana kwamba Idi ya kwanza bila yeye wataipika pamoja, kwetu, kila kitu kama alivyopika yeye: pilau, sambusa, kaimati, na mkate wa kumimina katika sufuria yake nyeusi, ambayo mimi ndiye niliyeileta kutoka nyumbani nikiwa nimeifunga ndani ya kanga. Nadhani walikuwa hawajamlilia sawasawa. Walitaka kulia mikono ikiwa na kazi.

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo, mama mdogo akaja tangu adhuhuri na wanawe na mabeseni yake. Jirani yetu Bi Rukia, mzee wa Unguja, naye akaja, akakaa dirishani kwenye kiti cha plastiki akimenya vitunguu saumu. Nyumba ikanuka iliki mpaka kwenye ngazi. Jioni mchele wa mkate ukasagwa, ukachanganywa na tui na hamira, ukafunikwa kitambaa mezani uumuke. Nikuambie kitu hapa, kwa kuwa siku moja utaoka mwenyewe: Joburg iko juu sana, hamira inafanya kazi upesi kuliko pwani. Ukiuacha unga kwa kipimo cha Tanga, unakukimbia.

Tulikuwa hatujafuturu bado simu ya Mama ikalia. Tanga jua linatutangulia kuzama. Alikuwa mjomba, na alivyokuwa akipiga kelele tulimsikia sote: mwezi umeonekana!

Mama akapiga kigelegele. "Kesho Idi! Wewe binti, bandika mafuta!"

"Ngoja kwanza, dada," akasema mama mdogo. "Tusikilize redio ya hapa."

Tukafuturu, tukasali, tukasikiliza. Juu ya Joburg kulikuwa na mawingu ya mvua za kwanza, huoni hata nyota. Redio ikasema mwezi haukuonekana nchi nzima, watu wafunge kesho watimize thelathini.

"Mimi kesho nimefunga," akasema mama mdogo.

"Unafunga siku ya Idi? Haramu hiyo, Zuhura!"

"Na wewe unakula mchana wa Ramadhani. Hiyo ni halali?"

"Mwezi umeonekana kwetu."

"Kwetu wapi? Hapo chini kwenye taa za robot barabarani kuna Tanga?"

"Ndiyo maana nasema, wewe umeolewa mpaka akili."

"Eish, dada! Mume wangu muache."

"Mama hakuwahi kufuata redio za watu."

"Mama alifuata mwezi aliouona kwa macho yake, amesimama uani kwake. Wewe umeuona kwa simu!"

Watoto walikuwa wakicheka, kisha wakasogea ukutani. Wakubwa wawili wale wakanigeukia kwa pamoja, kila mmoja akinitaka upande wake. "Na wewe kesho umefunga au hujafunga?"

Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nazi mkononi.

"Mimi nakuna nazi," nikasema.

Watoto wakaangua kicheko. Mama na mama mdogo hawakucheka.

Mama mdogo akaanza kufungasha. Mabeseni, miiko, viatu vya watoto. Mwisho akainua sufuria ya Bibi. "Hii naondoka nayo. Nitamwokea Mama mkate wake siku ya Idi ya kweli."

"Thubutu! Iweke chini."

Mama akashika ukingo wa pili. Wakasimama hivyo, mmoja huku, mmoja huku, watu wazima wenye watoto. Nami nikaona wazi kwamba akitoka na sufuria ile, ndugu hawa hawatasemeshana tena. Zamani walipogombana Bibi aliwapigia simu, mmoja baada ya mwingine, akawasema mpaka wakapatana. Sasa nani angepiga?

"Nyie," akasema Bi Rukia kutoka dirishani. Hakupandisha sauti. "Hebu tazameni mezani."

Unga ulikuwa umepanda ukasukuma kitambaa pembeni, ukavuka bakuli, unatiririka mezani mpaka sakafuni. Katikati ulikuwa umeshabonyea. Hakukuwa na mkate tena pale.

"Unga wa mama yenu huo," akasema Bi Rukia. "Mmegombana mpaka umemwagika. Mwezi utatoka tu, mkiwepo msiwepo. Mkate hauwezi. Mkate unataka mtu asimame nao."

Akaweka kisu chini.

"Mwanaidi, kesho nenda kasali, kula tende, kunywa chai yako. Ni Idi yako hiyo. Zuhura, funga, ni saumu yako. Lakini sufuria haitoki mlango huu, na chakula hakifunuliwi mpaka magharibi. Kwani nani kawaambieni Idi inaisha saa sita mchana?"

Mama akauliza, bado ameshika ukingo: "Na wewe, Bi Rukia, uko upande gani?"

"Mimi nina sukari, mwanangu. Kufunga na kula naambiwa na daktari."

Aliyeanza kucheka ni mama mdogo. Alijaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko kile kikageuka kilio. Mama akaiachia sufuria, akamshika yeye. Wakalia wamesimama mbele ya unga uliomwagika, na nilijua kwamba sasa ndiyo wanamlilia Bibi. Nikachukua tambara nikafuta meza, halafu nikaloweka mchele mwingine.

Kesho yake Mama alirudi kutoka kusali Idi na Watanga wenzake, amevaa doti mpya ya kanga. Chai aliinywea nyuma ya mlango, kimyakimya, asimtamanishe mdogo wake. Mama mdogo, aliyelala kwetu, alikuwa jikoni tangu asubuhi, midomo imemkauka, anachanganya unga mpya. Na safari hii hakuna aliyeuondolea macho. Akachovya kidole apate kujua sukari, akakumbuka saumu yake, akakizuia kidole hewani. Ruhusa ipo ya kuonja kwa ncha ya ulimi ukatema, lakini hakuitaka.

"Dada," akaita. "Njoo unionjee."

Mama akaja akalamba mwiko. Akafumba macho.

"Sukari vipi?"

"Ngoja."

"Imezidi?"

"Imepungua. Kidogo tu." Akafumbua macho. "Mama alikuwa anaibania sukari, unakumbuka?"

"Alikuwa anasema wageni watamaliza upesi."

"Basi usiongeze. Acha hivyohivyo."

Kutwa nzima wakafanya kazi namna ile. Pilau ilipoingia chumvi, Mama alionja. Nyama ilipochemka, Mama alionja. Mmoja alikuwa na mikono, mwingine alikuwa na ulimi. Mtu aliyepita akiwatazama asingejua ni yupi amegombana na nani.

Magharibi tukafunua sufuria. Mkate ulikuwa umepanda vizuri, mwekundu juu, na vitundu ndani kama unavyotakiwa. Mama akakata kipande cha kwanza, akamkabidhi mdogo wake.

"Haya, futuru."

"Idi njema, dada."

"Hii yangu imeisha. Yako kesho, tunakuja huko huko Soweto."

Na kweli tukaenda, tumebanana kwenye teksi na vyungu mapajani, tukala Idi ya pili.

Mpaka leo, mwanangu, hawajakubaliana juu ya mwezi. Kila mwaka wanatupiana maneno, siku hizi kwa WhatsApp, na sauti zao unazisikia hata simu ikiwa mezani. Lakini haijapita Idi wakala mbalimbali.

Nayaandika haya kwa sababu nimesoma uliyomwandikia nduguyo kwenye grupu la familia. Kwamba anayefuata mwezi wa kwingine akale huko huko, na wewe na wenzako wa chuo mtakuwa na Idi yenu Braamfontein. Nduguyo hakukujibu. Usidhani hakuumia. Yeye ameichukua aibu yangu, akiumia ananyamaza, na watu wa namna hiyo ukishawapoteza huwa hawarudi kuja kukudai.

Mimi sikuambii ufuate mwezi gani. Umesoma kuliko mimi, fuata unaouamini mbele ya Mungu wako. Nasaha yangu iko jikoni. Mkihitilafiana, msigawane vyombo. Usimtoe nduguyo kwenye chakula chako kwa sababu saa yake ya kula si saa yako. Mtafutie kazi ambayo wewe siku hiyo huwezi kuifanya, mwombe akufanyie, na umwombe kwa sauti. Kama umefunga, mwite aje akuonjee. Kama yeye ndiye aliyefunga, funika chakula umsubiri, hata tumbo likulalamikie. Na ubishi ukipanda, angalia kwanza mezani kuna nini kinamwagika mkiwa mnabishana. Mpigie leo. Usimwandikie, mpigie.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba isiyokosa wageni, na mkono mwepesi wa kumkatia mwenzako kipande cha kwanza. Awaweke wewe na nduguyo kwenye sinia moja mpaka meno yenu yaishe, na hata hapo, awape mkate laini. Amina.