Injini Iliyogeuka Kulia

Injini iliambiwa igeuke kushoto. Ikageuka kulia, mbele ya watu arobaini na kamera sita.

Mimi ndiye niliyeifunga.

Ngoja nieleze. Roketi ina injini kubwa ya kuisukuma, na injini ndogo pembeni za kuielekeza. Hizo ndogo nazo zinachoma mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika, huku zikigeuka kama shingo kwa msukumo wa mafuta ya mabomba mawili, moja la kushoto, moja la kulia. Moja ikigeuka kinyume, roketi inakwenda inakotaka yenyewe. Bahati yetu, hii ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo ya majaribio.

Mhandisi mkuu akazima kila kitu, akaniita ofisini.

"Mama, nani alifunga mabomba ya kugeuzia?"

"Mimi."

"Ulifuata mchoro?"

Siku niliyoyafunga siikumbuki. Nilikuwa nimemzika mume wangu siku tisa kabla. Nilifika kazini, nikavaa glavu, nikafanya kazi, nikarudi kuwapikia watoto. Ndani ganzi tupu. Hata kulia sikulia.

"Sikumbuki," nikasema.

Akanisogezea karatasi. Nikiri kosa kwa maandishi, kisha nisubiri barua. Sote tulijua barua gani. Nina watoto wawili, na sasa anayewalisha ni mimi peke yangu.

Pembeni alikaa mkaguzi wangu. Kwetu anayefunga hajikagui. Anakagua mwingine, naye anasaini. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu, ndiyo maana tunaitana shemeji.

"Shem, saini tu yaishe," akaninong'oneza. "Umefiwa. Kila mtu ataelewa."

Nikashika kalamu. Sikusikia uchungu wala woga. Ila mimi sisaini kitu ambacho sijakiona.

"Nataka nikaione injini kwanza."

Tukashuka watatu. Mabomba mawili yalikuwa yamenyooka sambamba, safi, yanapendeza kabisa.

Hapo akili ikaamka.

Injini hii inakaa upande wa pili wa roketi, kwa hiyo mchoro mpya unataka mabomba yake yapishane, la sivyo kushoto kunakuwa kulia. Ukiyaona utadhani aliyeyafunga alikuwa amelewa.

Nikainama kwenye nati. Tukishaikaza, tunachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bomba. Mtu akiilegeza, mstari unakatika. Mstari wangu mwembamba ulikuwa umekatika. Juu yake kulikuwa na mwingine, mnene kama wa mpaka rangi wa nyumba.

"Kuna mtu kafungua kazi yangu."

Mhandisi akamgeukia shemeji. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye ndevu.

"Nilidhani amekosea," akasema. "Siku ile alikuwa anatembea kama mzimu. Nikaona mabomba yamepishana, nikasema maskini, mama wa watu kachanganyikiwa. Nikayanyoosha. Sikutaka aaibike."

"Mchoro uliutazama?"

"Hapana. Nilimtazama yeye."

"Na leo unaniambia nisaini yaishe?" nikamuuliza.

Shemeji akaondolewa kwenye ukaguzi siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata nikafunga upya, mabomba yakapishana, mkaguzi mwingine akasimama na mchoro mkononi. Injini ikaambiwa kushoto, ikaenda kushoto. Watu wakapiga makofi. Mimi nikavua glavu nikawafuata watoto shuleni.

Jioni ukaingia ujumbe wa shemeji: "Pole shem."

Nikamjibu: "Pole ya msiba au ya mabomba?"

Akajibu: "Ya kukuacha ushike ile kalamu."

Pole nilizopewa tangu msiba hazina idadi. Hii ndiyo ya kwanza niliyoisikia moyoni.

Ndugu yangu unayesoma, mfiwa ni mtu mzima mwenye akili zake. Ukiona kama amekosea, fungua mchoro. Halafu muulize mwenyewe, usoni.