Shahidi wa Namawala

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya mdogo wangu Deo. Lori la mpunga alilokuwa akiendesha lilipinduka likitoka Namawala kwenda Ifakara, na mzee mmoja aliyekaa naye mbele akapoteza mguu. Tajiri mwenye lori aliwaambia polisi kwamba dereva ndiye aliyezidisha mzigo kwa tamaa zake. Deo alisema alilazimishwa. Aliyesikia mazungumzo yao ni yule mzee tu.

Basi lilitupitisha Mikumi na Kidatu, nikashuka Ifakara magoti yamekufa ganzi. Nililala kwa shangazi, mtaa wa Viwanja Sitini. Alinitengea wali na kambale, akanionyesha kitanda.

Asubuhi nilikwenda mahabusu kumwona Deo. Alikuwa amekonda. "Dada, usimbembeleze yule mzee," aliniambia. "Muulize tu."

Namawala nilifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Mzee Aloisi alikuwa kwenye kiti mbele ya nyumba, magongo yake pembeni. Mkewe alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetokea wapi, mwanangu?"

"Morogoro. Mimi ni dada yake Deo, yule dereva."

Ungo ukasimama. "Umekuja kutuomba tumsamehe?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kumwomba baba aseme alichosikia."

"Yaani tulioumia ni sisi, halafu tumtetee aliyetuumiza?"

Nilikuwa nimechoka hata kutafuta maneno mazuri. Nikakaa mkekani.

Mzee ndiye aliyeanza. "Magunia yale yalikuwa lumbesa, yamejazwa hadi yakashonewa kofia juu. Ukiyahesabu, hayana tatizo. Ukiyapima, lori lile haliruhusiwi kubeba uzito ule. Kijana alimwambia tajiri wake palepale ghalani. Tajiri akamjibu, 'Kama huwezi, acha funguo. Madereva wako wengi.'"

Nilishusha pumzi. Mzee akainua mkono.

"Subiri. Kijana alisimama kidogo, kisha akapanda, akawasha gari. Nikisema lile, nitasema na hili."

Nilitaka kumsihi aliache hilo la pili. Nikautazama mguu wa suruali uliopigwa fundo. "Sema yote, baba," nikamwambia.

Kesho yake bajaji ilitupeleka Ifakara polisi, mama akimshikilia mumewe kila tulipoingia shimoni. Mpelelezi alimsikiliza mpaka mwisho, na mchana tajiri akaitwa naye kuhojiwa. Lakini Deo hakuachiwa. Tuliambiwa wote wawili watajibu mahakamani, kila mmoja kwa sehemu yake.

Nilikwenda kumweleza Deo.

"Amesema na lile la kupanda?"

"Amesema."

Akakaa chini sakafuni. "Ndivyo ilivyokuwa, dada."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na usingizi haukuja. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu mmoja wa kubebeshwa kosa lote, ili ndugu yangu awe huru. Nimejifunza kwamba aliyeamuru ana lake, na aliyetii ana lake, na aliyekatwa mguu hana nafuu yoyote katika mgawo huo.

Morogoro mama yetu alikuwa stendi. Alinipokea begi bila kunitazama, macho yake yakiwa mlangoni mwa basi. Alisubiri hadi abiria wa mwisho aliposhuka, ndipo akanigeukia, nami nikaanza kumweleza.