Mukono wa kuingilia mupira

Munamuita Mama Orpa mutu wa roho mubaya, kwa sababu kwenye mulango wa tereni, kiwanja cha mupira cha Bulengera, anafukuza batoto benye habana franka za tikiti. Munyamaze kwanza! Zamani mutoto mwenye kushika mukono wa mukubwa aliingia bure, na benye habana mukubwa, Orpa mwenyewe alikuwa anabatafutia baba wa kuazima. Wakati wa vita, soda mumoja, askari mwenye bunduki, akashika mikono ya Mathe na Kitsa, batoto ba jirani ya Orpa: "Hawa ni bangu." Orpa akacheka, akafungua. Mupira ukaisha, habakurudi nyumbani. Kisha miezi mingi, kamio, motokari kubwa ya basoda, ikapita. Mathe alikuwa juu, na bunduki. Akamuona Orpa, akamunyooshea mukono, kama mutoto wa kuomba kuingizwa kwenye mulango.