Ndala Mdomoni mwa Duara

Bernadina wa Nyahanga alipenda kujisifu kidogo, na mwenyewe hakulikana. Kwenye mgodi mdogo alikochimba mumewe Donatus, mfumo wa kuhesabu watu aliuandika yeye, kwa JavaScript, lugha ya kompyuta. "Sasa acheni kuhesabu ndala," aliwaambia. Maana wachimbaji huvaa buti na kuacha ndala mdomoni mwa duara, shimo lenyewe, na kabla ya kulipua baruti msimamizi alizihesabu kujua nani bado yuko chini.

Asubuhi hiyo aliunganisha mafaili mawili, la lango na la duara. Kila moja lilikuwa na obijekti, kama kapu, iliyobeba fanksheni zake, yaani maagizo yenye majina, na kila obijekti ilikuwa na fanksheni iitwayo ingia. Kuingia getini, kuingia shimoni, Kiswahili ni kilekile, naye hakushtuka. Akazimwaga zote kwenye obijekti moja. Ingia ya lango, iliyokuja mwisho, ikaifuta ya duara, hivyo aliyeshuka hakuhesabiwa tena. Kompyuta haikulalamika hata kidogo.

Saa nne kasorobo alitazama kioo cha kompyuta. Waliopita getini: 14. Waliomo chini: 0.

Sifuri? Donatus alishamtumia ujumbe kwamba anashuka. Baruti hulipuliwa saa nne kamili.

Alipiga simu mgodini, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tatu akapokea msimamizi, mzee Enock. Hata shikamoo ilimtoka kichwani.

"Usiwashe! Baba, nakuomba usiwashe!"

"Mama Blessing, mbona mfumo wako unasema sifuri? Kiberiti ninacho mkononi."

"Mfumo unadanganya! Nimekosea mimi. Hesabu ndala!"

Akasikia hatua, kisha mzee akihesabu kwa Kisukuma, "...ibili, idatu, inne..."

"Pea tisa," mzee akasema. "Tisa, mwanangu."

"Za Donatus zipo, za bluu zilizofungwa waya?"

"Zipo."

Alikaa sakafuni akalia kwa woga mtupu. Siku hiyohiyo alizitenganisha fanksheni, kila moja chini ya jina la faili lake: lango.ingia, duara.ingia. Kioo sasa kinasema kweli, amekijaribu mara mia.

Bado kila siku, saa nne kasorobo, hupiga simu. Mzee Enock hasubiri hata salamu.

"Marahaba," husema. "Ndala ninazihesabu."