Mtoto Asiyetoka Nje Ndege Ikipita

Nasari yetu ilinuka uji wa wimbi ulioshika chini ya sufuria. Hiyo ndiyo harufu inayonijia kwanza, kabla ya sura ya mtu yeyote. Tulisomea katika ukumbi wa kanisa huko Changamwe. Siku za juma ulikuwa shule, Jumapili ibada, na mabenchi yalikuwa yale yale ya watu wazima, marefu kiasi cha kuifanya miguu yetu ining'inie. Juu yetu kulikuwa na mabati yasiyo na dari, na juu ya mabati zilipita ndege. Uwanja wa ndege haukuwa mbali, kwa hivyo ndege iliyokuwa ikitua ilipita chini mno, mabati yakatetemeka na sauti ya mwalimu ikapotea katikati ya neno. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Watoto wote walichomoka, wakaruka mabenchi, wengine vikombe vya uji mkononi, wakakimbilia nje kupunga mikono na kupiga kelele, "Bai bai ndege! Bai bai!" Kuwarudisha ndani ilikuwa kazi ya jasho, na mara nyingi walikuwa hawajatulia nyingine ilipokuja.

Mwalimu wetu tulimwita Ticha Mbeyu. Alikuwa mwanamke mnene wa kutoka Rabai, mwenye mwendo wa taratibu na subira ambayo sijui aliitoa wapi. Shule nyingi za jirani bado zilikuwa na fimbo, sheria iseme itakavyo, lakini yeye hakuwa nayo. Wazazi walipomkumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, aliwaambia ni kweli, ila hajawahi kuona samaki akikunjwa kwa rungu. Dawa yake ilikuwa makofi. Mtoto aliyefanya vyema aliitwa mbele, na darasa zima likampigia makofi ya kilo: ticha akitaja kilo moja, tunapiga, kilo mbili, tunapiga, na mwisho tunasugua viganja mpaka vipate moto, tunamrushia maua. Maua yenyewe hayakuwepo, ilikuwa ni mikono mitupu tu, lakini mtoto aliyerushiwa aliyapokea kwa mikono miwili na kuyabana kifuani. Niliona watoto watundu kuliko wote wakiketi kama mapadri kwa ajili ya maua hayo.

Mimi niliyapata kuliko mtu yeyote. Ndege ilipopita, darasa lilibaki tupu, nami nikabaki peke yangu kwenye benchi la mbele, mikono mapajani. "Muoneni Kadzo," Ticha Mbeyu aliwaambia wenzangu waliporudi wakihema. "Ndege hakuiona? Ameiona. Lakini mtoto mzuri haondoki mahali pake bila ruhusa." Kisha kilo moja, kilo mbili, maua. Wenzangu walinichukia kidogo, na ningekuwa wao ningenichukia pia. Niliyapokea yale maua, nikayabana kifuani, nikarudi kuketi. Sikuona fahari wala haya. Nilichokuwa nikifanya ni kuhesabu wema, maana wema ule nilikuwa na kazi nao.

Kazi yenyewe ilikuwa kumrudisha mama. Niliamka asubuhi moja nikakuta upande wake wa kitanda umetandikwa. Hawe, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa uani akikaanga mahamri kama siku zote. Nilipomuuliza, aliniambia mama ameenda Kongowea sokoni, na nikiwa mtoto mzuri atarudi upesi. Kumbe mama alikuwa amepanda ndege kwenda Arabuni kufanya kazi ya nyumba za watu. Kwetu hilo halikuwa jambo geni, na wala namna alivyoondoka haikuwa ngeni. Mtoto haagwi. Ukimwaga atalia, na machozi ya mtoto hayamwachi msafiri aende kwa moyo mmoja, kwa hivyo watu huvizia alale, au mtu mwingine humbeba kwa kitenge cha mamake, naye akidhani bado amebebwa na mamake. Walifanya kwa huruma. Nasema hivyo kwa haki, maana nimewahi kuitafuta chuki ndani yangu na sikuipata.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya Kongowea ilirefuka kweli. Mama alipopiga simu, ilipigwa kwa jirani nikiwa shule, na hawe hakuniambia, asije akanitonesha kidonda. Kila jioni niliuliza kama leo nimekuwa mzuri. "Mzuri sana, mjukuu wangu," alisema, na mama hakuja, nami nikakata shauri kwamba wema wangu bado haujatosha. Nikauongeza. Niliacha kuomba sukari ya uji, nikaacha kucheza mchezo wa kobole na wenzangu kwa kuogopa kugombana, na hatimaye nikaacha kusema mpaka nisemeshwe. Majirani wakamsifu hawe kwa malezi. Hakuna aliyesumbuliwa na mtoto asiyesumbua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema wahenga, lakini changu hakikuwa na mshindo wowote. Kilikuwa kimya tu, na ndani yake sikuwa na huzuni ninayoikumbuka. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, ukiugusa hujibiwi.

Siku moja nilishikwa na haja ndogo katikati ya somo, na ndege ikapita. Wenzangu wakatoka, Ticha Mbeyu akawafuata. Choo kilikuwa nyuma ya kanisa, mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Nikabaki benchini. Ticha aliporudi, akiwatangulia wenzangu wote, alinikuta nimeketi vile vile, mikono mapajani, na chini ya benchi sakafu imelowa. Aliwazuia watoto mlangoni kwa mkono, akaja akachutama mbele yangu.

"Kadzo, mwanangu, mbona hukutoka?"

"Mtoto mzuri hatoki."

"Hata akizidiwa?"

"Nikitoka, mama hatarudi."

Aliuvua mtandio wake akanifunga kiunoni, akamwambia msaidizi wake awaimbishe watoto wimbo, akanishika mkono tukaenda kwetu, mchana ule ule. "Shikamoo, hawe," alisema uani. "Marahaba, mwalimu," hawe alijibu, akauona ule mtandio, akaacha alichokuwa akikifanya. Walizungumza kwa sauti ya chini. Nilisikia ticha akisema, "Hata mimi nimekosea, hawe. Nimempigia makofi kwa ugonjwa wake." Kisha wakaniita, na hawe, macho yake chini, akaniambia kwamba mama yuko Arabuni, yuko mbali, atakaa miaka miwili. Ticha Mbeyu akaongeza maneno ambayo nayajua kwa moyo mpaka leo: "Hakuondoka kwa ubaya wako, wala hatarudi kwa wema wako. Atarudi kazi ikiisha." Wakaningoja nilie. Niliwaona wakiningoja. Nikauliza kama naweza kupewa andazi.

Tangu siku hiyo sheria ya darasa ilibadilika. Ndege ikisikika, ticha alitutoa sote nje kwa mstari, tukapunga tukashiba, na makofi ya kilo yakawa ya waliorudi ndani bila kusukumana. Vurugu ikaisha. Na kulikuwa na makofi mengine, ya mtoto aliyesema anachotaka: aliyeomba maji, aliyesema fulani amemuumiza. Mimi niliyapata hayo baada ya muda mrefu, nilipomwambia kwamba uji umenichoma ulimi. Alinirushia maua yeye mwenyewe. Alikuwa na machozi, na mimi nilikuwa nikimtazama.

Mama alirudi kazi ilipoisha, kama alivyosema ticha. Nilimpa shikamoo kama mgeni, nikampokea mkoba. Leo tunaishi pamoja, twapatana, na akiwa na marafiki zake hupenda kuwasimulia kwamba Kadzo hakumsumbua hata siku moja.

Januari hii nilimpeleka mwanangu nasari kwa mara ya kwanza, na mama akanisindikiza. Kuta zimechorwa herufi na wanyama, watoto wana viti vya kimo chao, na ukutani wamebandika kwamba hapa mtoto hapigwi. Mambo yamesonga mbele. Lakini mwanangu alipoanza kuchezea vibao, mama alinivuta mkono akaninong'oneza, "Toka polepole, asikuone. Ukimwaga atalia tu." Mwalimu wa pale naye akaitikia kwa kichwa. Nikarudi, nikachutama, nikamwambia mwanangu ninakwenda kazini na saa sita nitakuja. Akalia. Akanishika sketi, akanipiga, akaniita mama mbaya mbele za watu, na tulipofika langoni sauti yake bado ilikuwa ikitufuata. Mama alisimama pale, uso umemsawijika, akaniuliza kama mimi nami nililia hivi siku ile alipoondoka.

Nilimwambia hapana.

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. Nilikuwa namsikiliza mwanangu akilia kwa koo lake lote, nami nilikuwa nikimwonea wivu.